Ufikie wapi ukienda bonde la Altmühl: Pappenheim, Eichstätt, Beilngries au Riedenburg?

Altmühl ni mto mdogo wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Unaanzia si mbali na Rothenburg ob der Tauber, unajipindapinda kwa takriban kilomita 227, kisha unaingia Danube mjini Kelheim. Unajulikana kuwa mto unaokwenda polepole kuliko yote ya Bavaria. Kutoka Gunzenhausen hadi Kelheim, safari ya kilomita 165 hivi kwa njia ya baiskeli, maji yanashuka mita zipatazo 70 tu. Ndiyo maana wanaojifunza kupiga kafi na wazazi wenye watoto wadogo hupelekwa huku kwanza.

Wengi huchagua mji wa kufikia kwa kutazama picha, na hapo ndipo safari inapoharibika. Picha inayosambaa kuliko zote ni ya ngome ya Prunn, juu ya mwamba uliosimama wima karibu na Riedenburg. Basi mtu anakodi chumba Riedenburg, anashuka kwenye treni Ijumaa jioni katika mji mwingine kabisa, na hapo ndipo anapojua kwamba Riedenburg haina reli. Mwingine analala Treuchtlingen kwa sababu treni zote zinapita hapo, halafu anashangaa majabali aliyoyaona kwenye picha yako wapi. Kwa hiyo kabla ya picha, tazama ramani ya reli.

Reli inaishia wapi

Treuchtlingen ni makutano makubwa ya reli: kuna njia za kwenda Nürnberg, Würzburg, Augsburg na Ingolstadt. Njia ya Ingolstadt ndiyo inayokuhusu, kwa kuwa inaufuata mto kupitia Pappenheim, Solnhofen na Dollnstein hadi stesheni iitwayo Eichstätt Bahnhof. Baada ya hapo reli inauacha mto na kukata kusini.

Eichstätt ina stesheni mbili, na hili huwapoteza watu kila mwaka. Eichstätt Bahnhof iko kwenye njia kuu, karibu kilomita 5 nje ya mji. Hapo unabadilisha na kupanda kitreni kidogo kinachokufikisha Eichstätt Stadt, katikati ya mji, kwa dakika kama kumi. Ukiona tangazo la chumba linasema "karibu na stesheni", uliza stesheni ipi kabla ya kulipa.

Kutoka Eichstätt kwenda mashariki zamani kulikuwa na reli hadi Beilngries, lakini iling'olewa. Leo sehemu ya kati inafikika kwa treni mahali pamoja tu, nako ni Kinding, kwenye njia ya mwendokasi ya Nürnberg na Ingolstadt iliyofunguliwa mwaka 2006. Treni ya mkoa inayosimama hapo inatoka Nürnberg kwa nusu saa hivi, ila kwa kawaida hupita kila baada ya saa mbili, kwa hiyo ukiikosa moja umepoteza sehemu nzuri ya siku. Beilngries, Dietfurt na Riedenburg hazina treni hata moja. Kelheim nayo inategemea stesheni ya Saal, kilomita 5 hivi kutoka mjini, na basi la kuunganisha.

Deutschlandticket, tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023, inatumika kwenye treni zote hizi za mkoa, hata ile ya Kinding inayopita njia ya mwendokasi. Haitumiki kwenye ICE, yaani treni za mwendokasi, na hailipii baiskeli: baiskeli inahitaji tiketi yake ya siku. Jumamosi yenye jua mabehewa ya baiskeli hujaa, na kondakta ana haki ya kukukatalia. Panda kabla ya saa tatu asubuhi, au kodi baiskeli huko huko.

Pappenheim au Solnhofen: kwa wanaotaka mtumbwi

Hizi mbili zimekaribiana, kilomita 8 hivi, na zote zina stesheni. Tofauti yake ni kwamba Pappenheim ni mji wa kukaa na Solnhofen ni kijiji cha kutembelea.

Pappenheim umezungukwa na mto pande tatu, na juu yake kuna magofu ya ngome ya makabaila waliokuwa na cheo cha kurithi katika milki ya zamani ya Ujerumani. Kuna vyumba, kuna uwanja wa mahema ukingoni mwa mto, na kila kitu kinafikika kwa miguu. Solnhofen ina jumba zuri la makumbusho na machimbo ya mawe, lakini jioni kijiji kinalala mapema, na usipoagiza chakula kwa wakati utalala njaa.

Faida kubwa ya kufikia upande huu ni kwamba mto na reli vinakwenda sambamba. Unaweza kuacha mizigo chumbani Pappenheim, ukapiga kafi hadi Dollnstein, kisha ukarudi kwa treni jioni ile ile. Hakuna mahali pengine bondeni unapoweza kufanya hivyo kirahisi namna hii. Kipande cha Solnhofen hadi Dollnstein ndicho kizuri kuliko vyote kwa mtumbwi, kwani unapita chini ya "Mitume Kumi na Wawili", safu ya majabali meupe yaliyotokana na miamba ya sponji ya bahari ya kale, na kondoo wanachungwa kwenye mteremko katikati yake.

Hesabu ya muda ifanye hivi. Maji yenyewe hayakusukumi, kwa hiyo mtu wa kawaida huenda kilomita 3 hadi 4 kwa saa. Ongeza dakika 15 hadi 20 kwa kila kizingiti cha maji, yaani mabwawa madogo yaliyojengwa zamani kwa ajili ya vinu. Pappenheim hadi Dollnstein kwa siku moja ni kazi ya kutwa nzima kwa wageni, na mwenye watoto akate safari Solnhofen.

Kizingiti ndicho kinachohitaji akili. Dalili yake ya kwanza ni utulivu: maji yanapanuka, yanaacha kabisa kusogea, na mbele unaona mstari ulionyooka ambapo mto unaonekana kukatika. Usisubiri kusikia mvumo. Sogea ukingoni mara tu unapoona kibao cha kushukia, mtu wa mbele ashuke kwanza na kushika mtumbwi, ndipo wa nyuma anyanyuke. Toa mizigo kabla ya kubeba mtumbwi kukizunguka kizingiti. Mtumbwi wa plastiki wa watu watatu una uzito wa kilo 30 hadi 45, na ukiuburuza kwenye kokoto unalipia mikwaruzo. Baadhi ya vizingiti vina mtelezo maalumu wa mitumbwi, navyo vina alama. Kisicho na alama usikipite, hata kama kinaonekana kifupi. Chini yake maji huzunguka na kurudi nyuma, yanamvuta mtu chini na kumrudisha pale pale, na mwogeleaji hodari hawezi kuyashinda. Baada ya mvua kubwa, mto ukiwa wa kahawia, wakodishaji hawatoi mitumbwi. Usitafute njia ya kuwazunguka.

Nguo na simu ziingie kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, ambalo wakodishaji hulitoa pamoja na mtumbwi na maboya ya kuvaa. Hema lisisimikwe popote unapopenda: kulala kunaruhusiwa kwenye vituo vya mitumbwi na viwanja vya mahema tu, na moto uwashwe kwenye sehemu zake.

Treuchtlingen iweke akiba kwa siku za mvua. Ina bwawa kubwa la maji moto ya ardhini, na kitongoji cha Graben kina kitu kinachostahili nusu saa ya mwenye kupenda historia: mfereji ambao mfalme Karl Mkuu aliuanzisha mwaka 793 ili kuunganisha Altmühl na mto mdogo wa Rezat, yaani Danube na Rhine. Kingo zake na maji yake bado vinaonekana kwa mita mia kadhaa. Kazi aliyoitamani ilitimia upande wa pili wa bonde hili hili mwaka 1992.

Eichstätt au Beilngries: uamuzi mgumu zaidi

Hapa ndipo wengi wanakwama, na wana haki. Miji yote miwili iko katikati ya mambo, ila kila mmoja unamfaa mtu tofauti.

Eichstätt ni mji wa askofu tangu karne ya 8, Willibald alipofanywa askofu wa kwanza. Mwaka 1634, katika Vita vya Miaka Thelathini, jeshi la Waswidi liliuchoma karibu wote, na ulipojengwa upya ulijengwa kwa mtindo wa kibaroki. Ndiyo sababu uwanja wake mkuu unaonekana kama kazi ya mkono mmoja. Ni mji wa chuo kikuu pia, kwa hiyo una kahawa, chakula cha bei ya mwanafunzi na watu mitaani hata mwezi wa Novemba. Hilo si jambo dogo, maana vijiji vingi vya bonde hili hufunga milango ya migahawa msimu ukiisha.

Kinachoupa Eichstätt ushindi ni mawe. Miaka milioni 150 hivi iliyopita hapa palikuwa na wangwa za bahari ya joto. Maji ya chini yalikuwa na chumvi nyingi na hewa kidogo, hivyo mzoga uliozama haukuliwa wala kuvurugwa, ukafunikwa na tope laini la chokaa tabaka juu ya tabaka. Humo ndimo alimopatikana Archaeopteryx, kiumbe mwenye manyoya ya ndege, meno, na mkia wa mifupa. Mmoja yuko kwenye Jura-Museum, ndani ya ngome ya Willibaldsburg juu ya mji. Mwingine, aliyepatikana Blumenberg karibu na hapa katika miaka ya 1870, yuko Berlin, katika jumba lile lile la makumbusho lenye mifupa ya dinosaria mkubwa aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Wote wawili ni wa mwisho wa kipindi cha Jura. Mtanzania aliyekwisha kumwona yule wa Lindi kule Berlin atakuta Eichstätt upande wa pili wa dunia ya zama zile zile.

Blumenberg kuna machimbo yaliyofunguliwa kwa wageni, na nyundo na tindo hukodishwa. Usigonge ovyo. Chukua bamba lenye unene wa sentimita 3 hadi 5, lisimamishe kwa ubavu, tafuta mstari mwembamba unaoonyesha tabaka mbili zinapokutana. Weka tindo pana juu ya mstari huo, gonga kidogo, sogeza sentimita chache, gonga tena, hadi uzunguke ukingo wote. Bamba likiwa tayari sauti ya nyundo inabadilika, inakuwa nzito na butu, kisha jiwe linafunguka lenyewe kama kitabu. Ukipiga kwa nguvu mahali pamoja litavunjika vipande, na kilichokuwa ndani kitavunjika nalo. Tarajia vitu vidogo: Saccocoma, jamaa wa kiti cha pweza wenye mikono myembamba iliyojikunja, mavi ya samaki yaliyogeuka jiwe, mara chache amonaiti (mnyama wa bahari ya kale mwenye kombe la kujizungusha), na kwa bahati njema samaki mdogo. Yale maua meusi yanayofanana na majani ya kangaga, ambayo kila mtoto huyakimbilia, si mmea. Ni madini ya chuma na manganizi yaliyopenya kwenye nyufa. Vaa miwani ya kukinga macho na viatu vya kufunika vidole. Mwezi wa Julai mawe meupe yanaurudisha mwanga usoni kiasi cha kuumiza kichwa, kwa hiyo kofia na lita 2 za maji kwa kila mtu ni lazima.

Beilngries hauna utajiri huo. Una kuta na minara ya zamani, barabara kuu pana yenye nyumba za rangi, kasri la Hirschberg mlimani, na vyumba vingi vya wapanda baiskeli wenye sehemu ya kufungia baiskeli usiku. Nguvu yake ni mahali ulipo. Upande wa magharibi, kilomita 11 hivi, ni Kinding yenye kanisa lililozungushiwa ngome, kisha Kipfenberg, ambako mpaka wa zamani wa Dola la Rumi unauvuka mto. Njiani kuna ziwa la Kratzmühle, pazuri pa kuogelea watoto. Upande wa mashariki, kilomita 9, ni Dietfurt, na hapo Altmühl inaungana na mfereji mkubwa wa meli. Njia ni tambarare pande zote mbili, kwa hiyo baiskeli yenye trela la mtoto haikusumbui. Kwa familia inayolala siku nne mahali pamoja na kutoka kila asubuhi upande tofauti, Beilngries inaishinda Eichstätt bila shaka. Kwa asiye na gari wala baiskeli, Beilngries inachosha.

Kutoka Eichstätt kwenda Kipfenberg ni kilomita 27 hivi, na kipande hiki wengi hukiruka kwa sababu hakina reli. Wanakosa mengi. Pale Pfünz lango la ngome ya Kirumi limejengwa upya kilimani, na Gungolding kuna uwanda wa mireteni unaotunzwa na makundi ya kondoo. Bila kondoo, vichaka vingefunika mteremko wote kwa miaka michache, na maua madogo ya ardhi kavu yangekufa. Ndiyo maana mikahawa ya bondeni inajivunia nyama ya kondoo wa Altmühl, na kuila ni kusaidia mandhari yenyewe.

Hapo utaona pia bonde limekuwa pana kupita kiasi kwa mto mdogo namna hii. Si Altmühl iliyolichimba. Danube ya kale ilipita huku, ikiingilia Dollnstein na kutokea Kelheim, kabla haijahamia njia yake ya sasa enzi za barafu. Juu ya Dollnstein bonde ni jembamba zaidi, chini yake limepanuka.

Riedenburg au Kelheim: upande wa mfereji

Kuanzia Dietfurt, Altmühl si mto tena kwa maana ya kawaida. Kilomita 34 za mwisho ziligeuzwa kuwa sehemu ya mfereji wa Main na Danube, wenye urefu wa kilomita 171, uliofunguliwa Septemba 1992 baada ya mabishano makali ya miaka mingi na watetezi wa mazingira. Maji ni mapana, meli za mizigo zinapita, na kuna malango ya kuzipandisha na kuzishusha. Kwa mtumbwi wa kukodi hapafai: mawimbi ya meli, upepo wa uso kwa uso na kingo za mawe vinaondoa raha yote. Wakodishaji wengi humaliza safari kabla ya hapa kwa sababu hiyo.

Kwa baiskeli na kwa macho, hapa ni pazuri mno. Riedenburg ina ngome tatu juu ya mji mmoja. Katika Rosenburg hurushwa vipanga na tai mbele ya watazamaji msimu wa kiangazi. Prunn iko kilomita chache mashariki. Mbele zaidi ni Essing, kijiji kilichobanwa kati ya jabali na maji, chenye daraja la mbao la waenda kwa miguu lenye urefu wa takriban mita 190, lililojengwa mwaka 1986 na linalopanda na kushuka kwa mawimbi juu ya mfereji.

Kelheim yenyewe ni mji wa kazi zaidi kuliko wa mapumziko, lakini una mabasi, uko karibu na reli ya Saal, na boti zake huingia kwenye korongo la Danube hadi monasteri ya Weltenburg. Kupanda kunachukua kama dakika 40, kurudi 20, kwa sababu ya mkondo. Ukiwa na gari, lala Riedenburg. Bila gari, lala Kelheim na uifikie Riedenburg kwa baiskeli, kilomita 18 za tambarare. Kiangazi, mwishoni mwa juma na sikukuu, kuna mabasi yenye trela la baiskeli kwenye bonde hili, nayo huokoa waliochoka. Soma ratiba ya kurudi kabla ya kuondoka, si jioni.

Sasa chagua

Siku mbili bila gari, mara ya kwanza: Eichstätt, bila kusitasita. Siku ya kwanza machimbo na Jura-Museum, ya pili treni hadi Solnhofen na kurudi kwa baiskeli au kwa miguu kupitia Dollnstein. Siku tatu za mtumbwi: Pappenheim. Familia yenye baiskeli na gari moja: Beilngries. Mwenye kupenda ngome kuliko maji: Riedenburg. Gunzenhausen, yenye ziwa la Altmühlsee na kisiwa chake cha ndege, inamfaa mtazamaji wa ndege na anayeanza safari nzima ya baiskeli. Majabali hakuna.

Ukiamua kulikata bonde lote kwa baiskeli, toka Gunzenhausen kwenda Kelheim, usifanye kinyume. Upepo wa kawaida unatoka magharibi na mto unateremka mashariki, vyote viwili vinakusaidia. Siku nne zinatosha: lala Pappenheim au Solnhofen, kisha Eichstätt, kisha Beilngries, halafu malizia Kelheim. Siku ya tatu ndiyo ndefu, karibu kilomita 48, kwa hiyo ianze mapema.

Mambo madogo huleta njaa kubwa. Maduka hufungwa Jumapili kutwa, na siku nyingine mwisho ni saa mbili usiku. Migahawa ya vijijini mingi hufunga jiko saa nane mchana hadi jioni, na kila mmoja una siku yake ya kupumzika, aghalabu Jumatatu au Jumanne, kwa hiyo piga simu. Beba fedha taslimu, kadi haipokelewi kila mahali. Na kwa sikukuu ndefu za Mei na Juni, weka nafasi ya chumba na mtumbwi miezi miwili kabla. Ukichelewa, ulizia Dollnstein na Walting kabla hujakata tamaa, maana wageni wengi huvipita vijiji hivi bila kusimama.